Chumvi Kwenye Vumbi la Mwezi

Daktari wa maabara namba tatu alizaliwa na macho ya kushuku. Mumewe humtania kwamba hata paka wa jirani akipita, lazima aulizwe anatoka wapi. Safari hii mshukiwa wake alikuwa Mzee Pampu, fundi wa mitambo, mtu wa watu, aliyebakiza miezi minne astaafu.

Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya pipa la chuma. Kila jioni Daktari aliweka humo sahani ya vumbi la mawe, lililosagwa lifanane na la mwezini, akafunga mlango. Asubuhi Mzee Pampu aliinyonya hewa yote, kisha mtambo ukalimiminia vumbi chembechembe za kasi, kama upepo wa jua unavyoupiga Mwezi na Zebaki. Dunia hizo hazina hewa ya kusema hewa. Zina utando mwembamba tu wa atomi zilizong'olewa kwenye mawe ya juu, sodiamu ikiwemo. Daktari alidai upepo wa jua unang'oa sodiamu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na jina lake zima alikuwa ameliweka hapo.

Sasa hesabu zikawa zinamchezea shere. Mzee Pampu akiwa likizo au mgonjwa, pampu ikishikwa na mwingine, sodiamu inafurika. Akirudi, inanywea. Daktari akakumbuka kwamba mzee huyu hunywa chai na mtafiti wa maabara ya pili, mpinzani wa Daktari, yule aliyeyacheka madai yake hadharani. Akaunganisha moja na moja: anahujumiwa.

Jumatatu jioni alibandika uzi mweusi kwenye mlango wa pipa. Kesho yake, pampu ikinguruma, uzi ulikuwa umekatika. Hakumuuliza mtu. Alimwandikia mkuu wa kituo barua: fundi anahujumu, aondolewe. Mkuu, asiyependa maneno mengi, akamwondoa.

Alhamisi mzee alikuja kukabidhi funguo. Daktari alikuwa amejiandaa kwa ubishi, lakini mzee hakubisha. Alikiri kwamba alikuwa akifungua pipa kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu.

"Nilikuwa nafuta ukingo wa sahani. Ile skrubu ndogo ya kubania sahani inakusumbua, unavua glavu ya kushoto. Jasho lina chumvi, Daktari, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye chumvi kuna sodiamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hutaki maneno ya mdomo, kila kitu kiandikwe." Akaweka mezani daftari la pampu.

Daftari lile Daktari hulisaini kila Ijumaa akiwa amesimama, jicho kwenye saa. Alilifungua. *Sahani imeshikwa kwa mkono mtupu, nimefuta. Naomba Daktari asivue glavu.* Chini yake, saini yake mwenyewe. Ukurasa uliofuata, maneno yale yale, saini ile ile. Alifika wa kumi na moja, akashindwa kuendelea. Kumbe sodiamu aliyotaka kuitangazia dunia ilitoka vidoleni mwake.

Alipoinua macho, mzee alikuwa ameshatoka. Daktari akachukua daftari na funguo, akaenda mbio hadi ofisi ya mkuu. Mlangoni alisita. Akisema, ugunduzi wake unakufa leo hii. Akautazama mkono wake wa kushoto: ulikuwa umelowa, na vidole vimeacha alama kwenye jalada.

Akabisha hodi.