Sikio Lililotoka Ubavuni mwa Luhende

Jumanne saa nne asubuhi, Nyanjige alikuwa akianika michembe ya viazi vitamu nyumbani kwa mama yake, nje kidogo ya Dutwa, sikio lake jipya lilipodondoka. Lilitua jamvini, likajikung'uta vumbi, likashika njia ya Dutwa. Waendesha baiskeli walilipisha.

"Limeondoka tena?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Limeondoka, mayu."

Sikio la kuzaliwa nalo alilikata mumewe, Luhende, kwa panga, msimu wa pamba uliopita, kwa kuwa alimwita mara tatu hakuitika. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua: polisi wasihusishwe, Luhende atoe kipande cha gegedo la ubavu wake, litengenezwe sikio, na likishashika, Nyanjige arudi kwa mumewe. Nyanjige hakuulizwa.

Kesho yake, mjini Bariadi, daktari wa upasuaji alilitazama kovu lililovimba.

"Kinga ya mwili wako inalishambulia hili gegedo kama ugonjwa. Nitakuandikia dawa za kuituliza."

"Usiitulize, daktari. Kwenye kikao kile ni hiyo tu iliyosimama upande wangu."

Daktari aliandika hivyo kwenye faili.

Jumapili wazee walikuja, wakiongozwa na Mahona, baba mkubwa wa Luhende. Walikula michembe kwa karanga, wakashiba.

"Binti, mwili wako una kiburi," Mahona alisema.

"Nimeulea mwenyewe, baba."

"Utamaliza mbavu za mwenzio."

"Alizaliwa nazo ishirini na nne. Mimi sina haraka."

Wazee wakanawa mikono, wakaagiza ubavu wa tatu.

Sikio la tatu lilikaa siku tisa. Lilipodondoka, Nyanjige aliliondolea jiwe njiani lisijikwae. Kabla ya adhuhuri lilifika Dutwa, ambako Luhende alikuwa kwenye mzani akipima pamba ya majirani, nao wakimwamkia kwa heshima ileile ya siku zote. Aliliokota, akaliweka dirishani pamoja na yale mawili ya mwanzo. Mahona alikuwa ameshapanga siku ya ubavu wa nne.

Jioni Luhende aliingia ndani, akaketi, akaita kwa mazoea: "Nyanjige!"

Masikio yote matatu yakamgeukia.

Nyumbani kwa mama yake, Nyanjige alikuwa akianua michembe. Alikuwa amejifunga kilemba kipya, na upande uliobaki tundu tu ameuacha wazi.