Uso wa Mpimaji

Kifaa cha kupimia kilisimama juu ya tumbo la mama mjamzito na kikabaki hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mpimaji alikuwa ameikodolea macho skrini ya ultrasaundi, lakini alichokiona ni mlango wa nyumbani kwake. Asubuhi hiyo mumewe alitoka na begi. Kama angeubamiza mlango, yeye angejua ni hasira, na hasira hupoa. Lakini aliufunga polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na upole ule ndio uliokuwa ukimtafuna.

Pale kliniki wenzake walimwita Sanduku, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusoma kitu usoni mwake. Jina alilipenda. Kazi yake kupima; kusema kazi ya daktari.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii.

"Majibu utapewa na daktari." Akamsogezea karatasi za kujifutia bila kuinua macho.

Mpimaji alikuwa akitandika kitanda kwa ajili ya mgonjwa mwingine, akitandika na kutandua, muuguzi aliposukuma mlango.

"Yule mama umemwambia nini? Kampita daktari kama hamwoni, anaelekea getini."

"Sijamwambia kitu."

"Basi kimya chako ndicho alichokisikia."

Sanduku alitoka mbio, glavu zingali mikononi. Alimkuta nje ya geti, ameegemea ukuta, simu sikioni. "Mwambie fundi asimalizie kile kitanda cha mtoto," alikuwa akimwambia mumewe, kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia.

"Dada, mtoto wako mzima."

Mama alimtazama, simu asiishushe. "Usinidanganye kwa huruma. Nilikuwa nakutazama mle ndani. Uso ule naujua. Nimeshauona mara mbili."

Miaka yote hiyo Sanduku alijiona ameyafungia mambo yake ndani, asijue kwamba sanduku lililofungwa huwaachia watu kazi ya kubuni kilichomo, na mwenye hofu hubuni maiti. Ni wangapi waliotoka chumbani mwake wakiwazika walio hai? Alitaka kuomba radhi, neno akaliona dogo.

"Uso ule haukukuhusu wewe," alisema. "Ulikuwa wa mambo yangu ya nyumbani. Twende ukaone kwa macho yako."

Alimlaza tena, akaigeuza skrini imwelekee, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa, kisha akafungulia sauti. Mapigo ya moyo yakakijaza chumba, mbio mbio, kama ya mtu aliyechelewa. Mama alikikamata kiganja cha mpimaji, akakibana hadi kikauma. Kwa mkono wa pili aliisogeza simu karibu na mashine.

"Unasikia?"

Upande wa pili wa simu mumewe akasikika akipenga kamasi.

Mama alipokwisha kujifuta, hakuinuka. Alikaa kitako kitandani, miguu ikining'inia, akamkagua mpimaji taratibu, kama aliyebadilishana naye kazi.

"Na huko kwako, dada, kuna nini?"

Sanduku aliitafuta sauti yake ya kazini, asiipate. Koridoni muuguzi alikuwa akimwita mgonjwa mwingine. Alivua glavu moja, ya pili ikamgomea vidoleni. Midomo yake ilianza kutetemeka kabla hajachagua neno, na yule mama, bila kuuliza tena, akasogea, akamwachia nafasi kitandani.