Nakala Chafu

Marlys Hoekstra alikuwa mtu wa usafi, na usafi huo ndio uliomponza. Kwa miaka kumi na tisa, kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja huko Iowa, alikuwa akitunza vijarida ambavyo watu huviandika wenyewe, huvipiga kopi wenyewe na kuvibana pini wenyewe. Kwa Kiingereza wanaviita zine, ila jina hilo likiandikwa kwa Kiswahili linakuwa zini, na hiyo ni dhambi, kwa hiyo tuviite vijarida tu. Sheria ya maktaba ilikuwa nyepesi: kijarida kikija kwa nakala mbili, iliyo safi inahifadhiwa, nyingine inawekwa kwenye kapu mlangoni, anayeitaka aichukue bure.

Jumanne alimaliza kuchambua maboksi ya vijarida aliyoyaleta Corinne Dufek. Toleo la sita la kijarida chake, Chumvi ya Barabarani, lilikuwa na nakala mbili. Moja ilikuwa safi haina hata alama ya kidole. Ya pili ilikuwa balaa: vipande vilivyobandikwa kwa gundi, wino mweupe wa kufutia uliokauka kama mavi ya ndege, michoromichoro ya penseli ya samawati iliyofifia pembezoni, na unywele wa mtu chini ya selotepu. Marlys aliitia kapuni, akanawa mikono, akaenda zake nyumbani roho safi.

Jumatano asubuhi Corinne mwenyewe akatokea. Alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, buti zake zikidondosha theluji kwenye zulia.

"Samahani nimekuja bila taarifa," alisema. "Nilikuwa naomba kuliona toleo la sita. Siyo kopi, mama yake. Ile niliyokata na kubandika kwa mikono yangu."

Marlys aliikumbuka ile yenye gundi. "Ina nini hiyo?"

"Ina mdogo wangu, Jolene. Kila nilichoandika alikisoma yeye kwanza, na alikuwa na mdomo huyo, wacha tu. Alinikosoa pembeni kwa penseli ya samawati, maana rangi ile mashine ya kopi haiioni. Toleo lile nilikuwa nimemchoka. Sikusoma hata neno moja, nikapiga kopi hivyo hivyo." Alivua glavu zake polepole. "Sasa yuko kaburini mwaka wa pili, na barua zake zote zilikwenda na mafuriko. Mwandiko wake umebaki humo tu; ndiyo nikauleta huku usije ukapotea nao."

Ndiyo maana watu wakasema, usione simba kanyeshewa ukadhani paka. Ile chafu ndiyo iliyozaa zote, na Marlys alikuwa ameitoa bure kama gazeti la juzi. Uongo ulimjia mdomoni ukiwa tayari umeiva: iko kwa mafundi, rudi wiki ijayo. Akaumeza.

"Niliitoa," alisema. "Niliiweka kwenye kapu la bure. Nilidhani ni nakala mbovu. Kosa ni langu mimi."

Corinne alivaa tena glavu zake, moja moja. Afadhali angefoka.

Walikwenda mlangoni pamoja. Kapu lilikuwa tupu, na Dwight wa mapokezi alikuwa akila keki ya mdalasini.

"Vile vijarida? Wanafunzi wa sanaa walivizoa vyote jana," alisema. "Mwalimu wao kawaambia watafute makaratasi ya kukatakata, leo wanatengeneza vya kwao. Ghorofa ya pili."

"Ya kukatakata?"

"Kwa mikasi, ndiyo. Mbona umepauka hivyo, Marlys? Kaa kidogo."

Marlys hakukaa, wala hakusubiri lifti. Akiwa na miaka hamsini na minane na goti bovu, alipanda ngazi mbili mbili, Corinne nyuma yake.

Darasani mikasi ilikuwa imepamba moto. Sakafu nzima ilikuwa vipande vya karatasi.

"Mikasi chini, tafadhali," alisema Marlys huku akihema. "Nani amechukua Chumvi ya Barabarani?"

Msichana mmoja mwenye nywele za rangi ya chungwa akanyoosha mkono kama aliyefumaniwa.

"Ninayo mimi. Ila sijaimaliza."

"Kuimaliza kuikata?"

"Kuisoma. Nilitaka kukata picha ya lori, nikaona kuna mtu pembeni anagombana na mwandishi. Huyu wa samawati ni moto. Nani akate kitu kama hiki?"

Akakiinua. Kilikuwa kizima, na unywele wake chini ya selotepu. Marlys hakuona haya kusema, "Asante, mwanangu, asante," mara tatu mbele ya darasa zima.

Corinne alikaa karibu na yule msichana. "Nisomee. Miwani nimeiacha kwenye basi."

"'Mwongo wewe,'" alisoma msichana. "'Hukulia kwenye mazishi ya babu. Ulikuwa unakula pai. Aliyelia ni mimi.'"

Corinne alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kweli kabisa. Pai ya tufaha, na nikaongeza kipande."

Waliendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mikasi yote imetulia. Ukurasa wa mwisho msichana alipunguza sauti.

"'Corinne, najua husomi haya. Siku ukisoma, andika hapa chini kwamba umesoma, nisijisemeshe peke yangu kama kichaa.' Halafu kachora mstari. Hauna kitu."

Corinne aliugusa ule mstari kwa kidole. "Naruhusiwa kuandika," aliuliza, "au sasa ni mali ya maktaba?"

Marlys aliwahi kumtoa nje profesa mzima kwa kuandika kwenye karatasi ya maktaba. Akachomoa penseli iliyoshika nywele zake, akampa.

"Usikandamize," alisema. "Karatasi imechoka."

Corinne aliandika taratibu, neno moja tu: Nimesoma.