Machozi ya Kuelekezwa

"Kumbe macho yako yana maji, Magesa! Kumbe..."

"Klara, nisikilize kwanza..."

"...yana maji tele, ila yanasubiri kamera!"

"Ile ilikuwa kazi! Nilielekezwa..."

"Ulielekezwa! Na siku ya Nelly, nani angekuelekeza? Mimi?"

Asubuhi hiyo kijiji kizima cha Didia kilikuwa kinapalilia, lakini kikagundua ghafla kwamba magugu yanaweza kusubiri. Mama yake Klara alikaa mlangoni akipepeta choroko, kampa mkwewe mgongo kama heshima ya Kisukuma inavyotaka. Miaka sita ya ukwe, hawajawahi kusemezana. Hata salamu zilipitia kwa Klara.

Jana yake Klara alikuwa Kahama, pale Nyasubi, kauza choroko zake vizuri tu. Akapita mbele ya banda la video, akamwona mume wake kwenye bango. Alijua kwamba watu wa sinema walifika machimboni Geita kutafuta mchimbaji wa kweli. Hakujua kwamba walimpa Magesa nafasi ya baba aliyefiwa na mtoto.

Akaingia. Magesa alipiga magoti kwenye kaburi la uongo, akalia hadi kamasi zikafika kidevuni. Banda zima likalia naye. Baba mmoja jirani yake, huku anafuta macho, akamsogezea karanga: "Kula, dada. Huyu jamaa anaua."

Klara hakulia.

Nelly, mtoto wao, alikufa kwa malaria, ana miaka mitatu, yeye na Klara wakiwa wamekuja kwa bibi yake hapa Didia. Wiki hiyo duara la Magesa, lile shimo lake la Geita, ndiyo lilikuwa limeanza kuonyesha dhahabu. Na kule mtu akitoka msibani hashuki shimoni siku saba. Wanasema dhahabu inakimbia udongo wa kaburi. Magesa akatuma ujumbe: "Zikeni tu, nitakuja." Mtoto akazikwa nyuma ya nyumba bila baba. Siku ya tano duara likaanza kutoa mawe matupu. Magesa hakuja. Klara naye hakurudi Geita.

Usiku wa jana alimpigia, akamtukana mpaka salio likaisha. Na leo huyu hapa, na baiskeli ya kuazima, shati limeloa jasho.

"Nimeacha duara," Magesa alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kurekodi. Mwongozaji kaniambia lia. Nikamfikiria ng'ombe wetu aliyekufa, wapi! Akasema, fikiria kitu chako mwenyewe. Nikamfikiria yeye. Wakasema basi, imetosha, mimi siwezi kunyamaza. Kesho yake miguu ikagoma kushuka. Sasa hivi nafyatua matofali Ibadakuli, mwezi wa nne huu."

"Miezi minne!" Klara alirusha ndala, ikampata begani. "Ibadakuli mpaka hapa ni mwendo wa baiskeli, umekuja nayo mwenyewe! Miezi minne ulikuwa unatafuta njia?"

"Nilikuwa naogopa."

"Shimoni huogopi, unaogopa Didia! Mama, hebu chungulia zizini. Hawa watu wa kamera watakuwa wamejificha kwa ng'ombe!"

Nje ya ua mtu akacheka, akanyamazishwa. Magesa aliokota ile ndala, akaiweka taratibu miguuni pa Klara. Klara alijua kinachofuata: atapiga magoti, kama kwenye sinema. Akajiandaa na ndala ya pili.

Magesa akampita.

Alienda moja kwa moja hadi mlangoni, akachuchumaa mbele ya mgongo wa mama yake Klara. Ungo ukasimama hewani.

"Mayu," akaita, yaani mama kwa Kisukuma, mkwe kumwita mkwe mbele za watu, na Klara akashika mdomo. "Mayu, naomba jembe la kupalilia. Na mtu wa kunionyesha alipolala Nelly. Sipajui."