Beringi Baridi

Mashine ya Phiona ilikuwa nzuri kuliko yangu, na nililijua hilo kabla mtu yeyote hajaniambia.

Zote mbili zilikuwa za kukereza vyuma vidogo, na kila moja ilienea juu ya sinia. Yangu niliiunga kwa vyuma chakavu na mota ya cherehani. Yeye, kwa kitako cha yake, aliomba mabaki ya mawe ya itale kwa mafundi wa meza za jikoni, akayasugua miezi minne mpaka yakatulia kama maji bakulini. "Alida, hebu gusa," aliniambia kila siku katika karakana yetu ya Kagugu. Niligusa. Nilimchukia kwa ncha za vidole.

Siku ile Mzee Théoneste, fundi saa wa Remera, alikuwa anakuja kuchagua moja. Ambayo angeichukua yeye, wenzake kumi na wawili wangeagiza kama hiyo.

Kabla ya kukata, mashine hizi huzungushwa bure nusu saa ili beringi zipate joto. Zikiwa baridi, pini hutoka nene upande mmoja. Tukaziwasha. Phiona akaenda kumpokea mzee kituoni.

Nikaizima yake. Niliposikia vicheko getini, nikaiwasha tena.

Mzee aliweka mezani saa iliyokufa. Ilitaka mhimili mpya, pini nyembamba kama unywele.

"Haya, atakayeifufua hii namwozesha mwanangu."

"Yule mwenye kitambi? Mzee, tuonee huruma!" Phiona alicheka, huku akiweka mgongo wa vidole juu ya beringi yake, kama alivyozoea. Kicheko kikakatika. "Alida, umeme ulikatika?"

"Kidogo tu."

Mzee akagusa yangu, akauondoa mkono haraka. "Yewe! Umeme gani huo unachagua? Hii iko moto."

Mashine zote zilikuwa zikivuma.

"Niliizima mimi."

Nilingoja matusi. Phiona alivuta stuli tu. "Mzee, utasubiri nusu saa?"

"Nitasubiri, binti yangu."

Tukakaa watatu, beringi yake ikipata joto. Kisha Phiona akakata. Mzee akauweka mhimili mahali pake, na saa ikaanza kutembea. Hakuniomba nijaribu yangu.

Mzee aliniachia lenzi yake niutazame mhimili. Nilipaswa kulia kwa aibu. Badala yake niliinama, nikautafuta mkwaruzo, hata mmoja tu. Haukuwepo.