Most ya Mama Hadassa

Kyakimwa, ambaye mtaa mzima wa Bulengera, pale Butembo, unamwita Mama Hadassa, alimtunzia Zorobabel chuki kwa miaka miwili na miezi minne, na chuki yenyewe haikupoa hata kidogo. Aliamka nayo, akaenda nayo kanisani, akaimba nayo kwaya. Mchungaji akihubiri kusamehe, yeye alikuwa anakitazama kisogo cha Zorobabel kwenye benchi la mbele na kujisemea: wewe subiri tu.

Usimhukumu mapema. Sikiliza kwanza alichofanyiwa.

Mama Hadassa alikuwa prezida wa akina mama katika koperative ya kahawa. Wanawake thelathini na mmoja, na nyuma ya kanisa walikuwa na meza kumi na mbili za kuanikia, ndefu, zenye wavu mzuri na paa la mabati. Meza hizo walizijenga wenyewe. Mbao walizibeba kichwani, misumari walipiga wenyewe, na mume wa mtu hakutia hata kidole. Kila asubuhi walisimama pale wakichambua punje moja moja, mbovu huku, nzuri kule, mpaka macho yanauma.

Zorobabel naye alikuwa karani wa koperative. Tai shingoni hata siku ya matope. Aliwahi kukaa Uganda miezi sita, akarudi na Kiingereza chake, na tangu siku ile watu wakaanza kumwita Prof. Nani angembishia? Butembo ni mji wa Kifaransa, Kinande na Kiswahili. Mtu akisema anajua Kiingereza, unamwamini kama unavyomwamini daktari.

Basi siku moja ikaitwa réunion, mkutano mkubwa, kule Beni. Alikuja mnunuzi kutoka mbali, mama mmoja mzungu jina lake Madame Ruth, mwenye kazi ya kuonja kahawa. Alikuwa anaivuta kwa kijiko, fyuuu, halafu anaitema kwenye kikopo, na watu walijizuia wasicheke. Kulikuwa na shida: katika mzigo wa mwaka ule kahawa mbovu ilikuwa imechanganyika, na kila mtu alitaka kujua imetoka upande gani. Madame Ruth akasimama akasema sentensi moja tu. Zorobabel akakohoa, akarekebisha tai yake.

"Madame anasema: ni lazima kahawa mubaya isitoke tena kwa bamama."

Ukumbi mzima ukageuka kuwatazama wanawake. Mama Hadassa alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Akanyoosha mkono.

"Prof, sisi tunachambulaka kahawa yetu kila siku. Umuulize tena, pengine hapana vile alisema."

"Mama Hadassa," Zorobabel akajibu kwenye micro, yaani kipaza sauti, huku anatabasamu, "Kingereza hapana Kinande. Ikala chini."

Watu wakacheka. Hata baadhi ya wanawake wenzake walicheka, kwa aibu. Akakaa.

Wiki haikuisha, meza zote kumi na mbili wakapewa wanaume, na msimamizi wa meza akawa nani? Zorobabel huyohuyo. Mama Hadassa akavuliwa uprezida. Sokoni wakampa jina, Mama Kahawa Mubaya, na kulikuwa na watu waliomwita hivyo usoni, wakimuuzia nyanya. Binti yake Hadassa alirudi kutoka shuleni analia kwa sababu ya jina hilo. Siku hiyo Mama Hadassa hakulia. Alimfuta mtoto machozi, akaapa.

Lakini kuna jambo moja ambalo Prof hakulijua. Mama Hadassa alikuwa na desturi ya kurekodi kila réunion kwenye telefone yake, ili wale wanawake waliobaki na watoto wachanga wasikie baadaye. Sauti ya Madame Ruth ilikuwa mle ndani. Aliisikiliza jikoni, aliisikiliza shambani, mpaka akaweza kuitamka yote kama wimbo, bila kuelewa hata neno moja: *Most of the bad coffee is not from the women.*

Akampelekea Yassini ile telefone. Yassini ni shofere, Mwislamu wa Beni, aliyeendesha lori kwenda Kampala na Mombasa miaka kumi na tano, na kila Jumatano lori lake lilikuwa likipakia mizigo Butembo. Alisikiliza mara ya kwanza, akakunja uso. Mara ya pili. Mara ya tatu akamrudishia telefone.

"Nani alibatafsiria hii?"

"Prof Zorobabel."

"Mama, hapa hakuna lazima. Lazima ni *must*. Huyu anasema *most*."

"Si ni kitu kimoja?"

"Ku masikio ya batu ya Butembo, ndiyo. Ku Kingereza, hapana." Akamvuta mpaka kwenye lori. "Hesabu mipira ya magurudumu. Iko kumi. Saba imeisha kabisa, tatu iko mupya. Donc, *most of the tyres* imeisha. Hapana yote. Ingekuwa yote, ningesema *all*. Hapana nusu. Ile sehemu yenye kuwa kubwa, njo *most*. Sasa *must* iko tofauti. Ku Kasindi ku mpaka baliandika: *drivers must stop*. Nyuma ya *must* kuko kazi ya kufanya: simama, lipa, funga. Nyuma ya *most of* kuko bintu. Usikie vizuri: *most of* nini?"

"*Most of the bad coffee*," akasema Mama Hadassa polepole.

"Voilà. Kahawa mubaya, sehemu kubwa yake, haikutoka kwa bamama. Alikuwa anabasifu, mama. Anabatetea."

Mama Hadassa akashika boneti ya lori. Alikuwa ameamini siku zote kwamba Zorobabel alisema uongo kwa makusudi, ili apate meza. Kumbe wapi! Hakujua tu. Alisikia sauti inayofanana, akabahatisha, na aibu ya kuuliza ikamzidi. Hilo lilimchoma kuliko uongo. Mwongo angalau anakufikiria kabla ya kukuumiza. Huyu alimvua heshima yake kwa kubahatisha, halafu akamwambia akae chini.

"Twende sasa hivi kwa prezida wa koperative, Kasonia," Yassini akasema. "Mi nitakuwa shahidi."

"Hapana."

"Ju ya nini?"

"Batasema ni maneno ya shofere na ya Mama Kahawa Mubaya. Nataka yule Madame akuwe pale. Nataka macho yote yenye iliniangalia ile siku, imuangalie yeye. Na nataka niseme mwenyewe, na kinywa yangu. Unifundishe."

Yassini alimfundisha kila Jumatano, wamekaa juu ya magunia. *Most of the beans. Most women. Most days.* Alimwambia *o* ya *most* inataka mdomo wa mviringo, kama mtu anayepuliza uji wa moto, na ile ya *must* inataka mdomo ulegee. Wiki za kwanza zote mbili zilimtoka sawasawa. Yassini akicheka, yeye anarudia. Alirudia akiwa anamenya mihogo, akiwa anafua, mpaka mume wake akamuuliza kama anaumwa meno.

Madame Ruth akarudi, safari hii Butembo kwenyewe. Mama Hadassa alivaa kikwembe chake cha harusi, akakaa safu ya pili, telefone mapajani. Wanawake wote alikuwa amewaambia waje, bila kuwaeleza sababu. Yassini alikuwa mlangoni, akisubiri magunia ya kupakia.

Madame Ruth akaanza: "*Most of your coffee is better this year.*"

Zorobabel akarekebisha tai. "Madame anasema: ni lazima kahawa yenu ikuwe bora mwaka huu."

Moyo wa Mama Hadassa ukaruka kwa furaha. Alikuwa na hofu kwamba jamaa pengine amejifunza. Hakuwa amejifunza kitu! Akasimama, akazunguka benchi, akaenda mpaka mbele.

"*Madame, please. You say must, or most?*"

Madame Ruth akamtazama, akatabasamu. "*Most*," akasema, mdomo mviringo kabisa. "*Most of it.*"

Mama Hadassa akabonyeza telefone, akaishika mbele ya micro. Sauti ya Beni ikajaza ukumbi. Madame Ruth aliposikia sentensi yake ya zamani, na Mama Hadassa alipomweleza kwa Kiingereza cha kuungaunga jinsi ilivyotafsiriwa, yule mzungu alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Bamama, musimame," Mama Hadassa akasema. Thelathini wakasimama. "Prezida Kasonia, hesabu batu ya humu ndani. Tuko makumi ine na moja. Tumesimama thelathini na moja, na mimi ndani. Hii njo *most*. *Most of us* tumesimama. Hapana lazima. Hapana bote. Sehemu kubwa. Na ile siku Madame alisema sehemu kubwa ya kahawa mubaya haikutoka kwetu, na huyu bwana akageuza sifa ikakuwa matusi, juu hakujua neno moja!"

Kelele zilizofuata, weh! Mzee Kasonia aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Alipopata nafasi ya kusema, alisema maneno machache: meza zote kumi na mbili zirudi kwa akina mama leo hii, na Mama Hadassa arudi kwenye kiti chake. Wanawake wakapiga vigelegele. Wengine walilia. Zorobabel alikuwa amesimama ukutani, ameilegeza tai, jasho linamtoka.

Hapo mambo yangeweza kuisha. Heshima alikuwa ameipata, meza amezipata. Kama ni haki, haki ilikuwa imetimia, na angeweza kwenda nyumbani kula.

Lakini walimpa Mama Hadassa micro atafsiri yaliyobaki. Na Kasonia akauliza swali la mwisho. "Muulize Madame: kahawa ya Zorobabel mwenyewe, aliionaje? Tutaamua kama anabaki karani, ama tunamutosha ku kazi."

Zorobabel akanyanyua macho. Kahawa yake ilikuwa nzuri, na kila mtu aliyewahi kupita shambani kwake alilijua hilo. Alimtazama Mama Hadassa kama mtu anayemwomba dereva asimame.

Madame Ruth hakusita. "*Most of Zorobabel's coffee is very good.*"

Mama Hadassa aliielewa mara moja, kila neno. Alikuwa na ukweli wote mdomoni. Akaiona Beni, akausikia ule mcheko, akamwona Hadassa na uniformu iliyolowa machozi.

"Madame anasema," akasema taratibu, "ni lazima kahawa ya Zorobabel ikuwe nzuri."

Minong'ono ikapita ukumbini. Ni lazima iwe nzuri? Kwa hiyo siyo nzuri!

"Hapana!" Zorobabel akaruka kutoka ukutani. "Hapana vile! Amesema sehemu kubwa iko muzuri! Nimesikia!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Ah, Prof! Leo njo umejua?" mtu akapaza sauti nyuma. "Kingereza hapana Kinande, Prof! Ikala chini!"

Alikuwa amepatia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amelisikia neno lile sawasawa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwamini. Akamgeukia Madame Ruth, akauliza mwenyewe. Lakini masikio yalikuwa yamejifunza asubuhi ile tu, na mdomo haukuwa umejifunza bado. Alitaka kusema *most*, neno likatoka legelege kama siku zote.

"*Madame! You say must? For my coffee, must?*"

Madame Ruth akashangaa, akatikisa kichwa kwa upole. "*No, no*," akasema. "*No.*"

Hiyo "no" kila mtu Butembo anaielewa. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kasonia aliuliza nani anataka Zorobabel atolewe ukarani, na mikono ikapanda hata ya rafiki zake. Kahawa yake ikawekwa kando, irudiwe kuchambuliwa, isipakiwe na mzigo wa kwanza. Zorobabel alikaa chini sakafuni, palepale mbele ya watu, akavua tai na kuikunja mara nyingi mkononi. Mama Hadassa alimtazama kwa utulivu. Utamu aliousikia kifuani ulikuwa mkubwa, na hakuuonea aibu.

Nje, Yassini alikuwa ameegemea lori. Magunia alikuwa amekwisha kuyapakia, ya Zorobabel yamebaki chini. Wanawake walipita wakiimba, wakamvuta Mama Hadassa mkono, akawaambia watangulie.

"Nilikuwa mulangoni," Yassini akasema. "Nilisikia vile Madame alisema. Na nilisikia vile wewe ulisema."

Mama Hadassa alikuwa anayatazama yale magunia yaliyobaki chini.

"Mama Hadassa. Mule ndani ulisema kweli?"

Akamtazama machoni. Mdomo ukajikunja mviringo, bila shida yoyote.

"*Most of it*," akasema.

Yassini alitafuta kosa la kusahihisha, hakulipata. Sauti ilikuwa safi, maneno yalikuwa mahali pake. Akafungua mlango wa lori, akapanda, na kabla ya kuwasha moto akamwambia kwamba Jumatano asije.