Mkono wa Kimberly

Wewe ungefanyaje, kama anayekuletea unga ndiye unayetakiwa umtaje?

Nerima alikutana na swali hilo Jumanne, saa nne asubuhi, akichagua maharagwe mlangoni kwake Rongai. Mwalimu Cherono alifika na mzee Ndegwa wa Nyumba Kumi, wamemleta Kimberly, mjukuu wa Nerima wa miaka tisa. Mkono wake ulikuwa umevimba hata kalamu haushiki.

"Mama, daktari atajaza fomu ya polisi," alisema mwalimu. "Lakini lazima mtu wa nyumba hii aseme nani alimuumiza."

"Kwani sisi hatukuchapwa, mwalimu?" Ndegwa akacheka. "Na nitazame nilivyonenepa."

"Umenenepa tumbo, mzee. Huyu ameumia mfupa."

Nerima alijua. Wanyonyi, mwanawe, hufanya kazi Olkaria, na hurudi kila baada ya wiki mbili. Jumamosi alileta unga, sukari na sabuni ya mche. Jumapili Kimberly akamwaga uji kwenye shati la kanisa la baba yake, naye Wanyonyi akaupinda ule mkono mpaka mfupa ukalia.

Akimtaja, atafungwa na kazi itaenda. Wajukuu wanne watapelekwa makao ya watoto huko Nakuru, pengine watenganishwe. Upande wa pili kuna mkono mmoja, na mkono hupona. Aligeuza mambo hayo kichwani, huku na huku, na kila mara unga ukawa mzito zaidi.

"Alianguka kwenye ngazi ya tangi," akasema, macho kwenye ungo.

Mwalimu akamwinamia mtoto. "Kim, ni kweli?"

Kimberly alimtazama nyanya yake, Kukhu kama anavyomwita. "Ni kweli."

"Si nilikwambia?" alisema Ndegwa. "Haya, twende, tumwache mama na maharagwe yake."

Mchana Nerima alimpeleka zahanati mwenyewe. Daktari alisema mfupa umevunjika vibaya karibu na kiungo. Huenda usinyooke tena. Wakarudi, mkono wa mtoto ukiwa kifuani ndani ya plasta nyeupe. Nyumbani simu ikalia: Wanyonyi amepewa ruhusa, anakuja Jumamosi hii hii.

Nerima aliiweka simu juu ya kabati. "Ningesema, mjukuu wangu, mngekula nini?"

Kimberly aliichezea ncha ya plasta.

"Kukhu, mimi nilitaka useme ni baba. Njaa ningevumilia."